Uzi: Amani ya moyoni si kipimo cha hekima ya Mungu. Anayepinga aje na Maandiko

#1 Mwalimu_Katindo
Bwana asifiwe wapendwa. Naanza na madai, mnipinge.

Makanisani mwetu hapa Goma, mtu akiulizwa ameamuaje jambo, jibu ni lile lile: "Niliomba, nikasikia amani." Amani hiyo inanunua parseli (kiwanja), inaweka dhamana kwenye koopeki (ushirika wa akiba na mikopo), inaozesha mabinti. Mimi nasema haitoshi. Yona alikuwa anamkimbia Mungu, na bado alishuka ndani kabisa ya merikebu akalala usingizi mzito huku tufani inavuma (Yona 1:5). Bwana Yesu alikuwa katikati ya mapenzi ya Baba yake, na jasho lake likawa kama matone ya damu (Luka 22:44). Aliyeasi alilala usingizi, aliyetii alitoka jasho. Sasa amani inapima nini?

Andiko linaloshikiliwa ni Wakolosai 3:15, amani ya Kristo iamue mioyoni. Anzeni kusoma mstari wa 12: kuchukuliana, kusameheana, upendo, mwili mmoja. Paulo anawafundisha watu wa kanisa moja jinsi ya kukaa pamoja. Hapo hakuna mtu anayechagua kati ya kiwanja cha Ndosho na cha Kyeshero.

Yakobo 1:5 inaahidi kwamba aombaye hekima atapewa. Inakuja kwa njia gani, na utaijuaje? Tuchukue mfano mmoja ili tusielee hewani: ndugu wa kanisani anakuomba umdhamini mkopo wa dola 1,000. Una siku tatu. Unafanyaje?

#2 Kijana_Mabanga
Mwalimu, hilo si jambo la kuombea. Mithali 6:1-5, 11:15, 17:18, 22:26-27. Mara nne! Jibu ni hapana, uzi umekwisha.

#3 MamaSambaza_Kituku
Haujakwisha, mwanangu. Paulo alimwandikia Filemoni juu ya Onesimo: kama anadaiwa kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa, na akasema anaandika kwa mkono wake mwenyewe (Filemoni 18-19). Huyo ni nani kama si mdhamini? Na Yuda alisimama mbele ya baba yake akajitoa awe mdhamini wa Benyamini (Mwanzo 43:9). Utawaweka wapi hao?

Pale soko la Kituku mama anayechukua sambaza (samaki wadogo) alfajiri kwa deni anasimamiwa na mwenzake, hakuna karatasi. Akikosa kulipa, mwenzake ndiye anayekwenda mbele ya mvuvi. Tukikataa dhamana zote, wengi hawatapata hata beseni moja la kuuza.

#4 Karani_Birere
Aksanti Mama. Kabla hatujaendelea na mistari, watu wanachanganya vitu vitatu.

Kuna likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu: hakuna riba, lakini anayepokea wa kwanza anakuwa na deni kwa wote waliobaki. Kuna mkopo wa kikundi: kila mmoja anawadhamini wenzake, mmoja akianguka wote wanachanga au kikundi chote kinafungiwa mkopo unaofuata. Halafu kuna dhamana ya mtu mmoja kwa mtu mmoja, na hiyo ndiyo ya Mwalimu. Katika mbili za kwanza hatari imegawanywa kwa wengi. Katika ya tatu inakaa kwenye meza yako peke yako. Mithali 6 inazungumzia hiyo ya tatu.

Ukienda dirishani pa koopeki, mwende pamoja na mkopaji, na aombe mbele yako aonyeshwe haya: amemaliza mikopo mingapi, amechelewa mara ngapi, akiba yake iliyozuiliwa ni kiasi gani, na siku ya kwanza ya kuchelewa nani anapigiwa simu. Akikataa usione, umeshapata jibu bila kufunga hata mlo mmoja.

Jambo linaloharibu zaidi: pesa iliyoombwa kwa biashara inakwenda kwenye minervali (karo ya shule), kwa mgonjwa au kwenye matanga wiki ile ile. Halafu rejesho la kwanza linatolewa ndani ya mkopo wenyewe, kila mtu anasema "analipa vizuri". Rejesho la kwanza halikuambii kitu. Tazama la tatu.

#5 Mtetezi_Ibanda
Naongeza ya sheria, maana wengi wanatia sahihi bila kusoma. RDC, Kongo yetu, iko ndani ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara) tangu Septemba 12, 2012, na sheria yake ya pamoja juu ya dhamana inasema wazi:

Mdhamini anahesabiwa kuwa amefungwa pamoja na mkopaji, isipokuwa pameandikwa vingine. Yaani mkopaji akishindwa, mkopeshaji anaweza kukugeukia wewe bila kumaliza kwanza mali za mkopaji. Ukitaka waanze na mali zake, hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya sahihi.

Kiasi cha juu unachodhamini lazima ukiandike kwa mkono wako, kwa maneno na kwa tarakimu. Usikubali nafasi ibaki wazi "tutajaza baadaye". Na asiyejua kuandika anasindikizwa na mashahidi wawili, ambao wanathibitisha kwamba yeye ndiye, kwamba alikuwepo, na kwamba alielezwa maana ya karatasi hiyo na matokeo yake.

Mama #3, umetaja mkono wa Paulo. Sheria hii inataka hivyo hivyo.

#6 Shemasi_Ndosho
Mwalimu, umeleta Yona na Gethsemane, mimi nakuletea Troa. 2 Wakorintho 2:12-13: mlango ulifunguliwa kwa Paulo katika Bwana, kazi ilikuwepo, lakini hakuona raha rohoni kwa sababu hakumkuta Tito. Akawaaga, akaenda Makedonia. Kwa hiyo kukosa raha kulimwondoa mtume kwenye mlango uliofunguliwa na Mungu mwenyewe. Huwezi kusema hali ya moyo haina kazi.

Na mlipuuze pia lile la "mlango umefunguka, basi ni Mungu". Troa inaonyesha mlango unaweza kuwa wazi na mtu asiingie, na hakuna anayemlaumu.

#7 Mwalimu_Katindo
Shemasi, Troa ni hoja nzito, naipokea. Lakini tazama: kutotulia kwa Paulo kuna jina, Tito. Tito ndiye aliyekuwa analeta habari za Korintho, na bila habari hizo Paulo hajui kanisa liko katika hali gani. Moyo wake ulimwonyesha habari iliyokuwa inakosekana, akaenda kuitafuta.

Basi nasema hivi: ukikosa raha, kaa uandike sababu. Ikipata jina ("simjui mwajiri wake", "mke wangu hajaambiwa"), nenda kalifanyie kazi jina hilo. Isipopata jina, subiri siku moja uandike tena. Wengi wanaruka hatua hii, wanaita kila hofu kuwa ni Roho Mtakatifu.

#8 Shemasi_Ndosho
Na ikibaki bila jina hata baada ya siku zote tatu? Mimi nasema isimamishe. Wewe kwa hoja yako ungesema iendelee. Hapo hatujapatana.

#9 Katekista_Kadutu
Tumsifu Yesu Kristo. Mnayogombania, Inyasi wa Loyola aliyafanyia kazi muda mrefu sana, na maelekezo yake ya Mazoezi ya Kiroho yalikubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Yeye hasemi amani ni kipimo, wala hasemi si kitu. Anauliza: amani hii imetoka wapi na inaelekea wapi? Fuatilia mwanzo, katikati na mwisho wa mawazo yako. Yakianza vizuri na kukuishia kwenye majivuno, uvivu au kumficha mwenzi wako, chanzo si kizuri hata kama moyo ulitulia.

Kanuni yake ninayoifundisha vijana wa parokia kuliko zote: wakati wa giza na ukavu wa roho, usibadilishe uamuzi ulioufanya wakati wa mwanga. Ongeza sala, ongeza kujichunguza, lakini uamuzi uache ulipo.

Na pale ambapo moyo hausemi lolote, anatoa kazi ya mikono. Andika faida na hasara za kukubali, kisha faida na hasara za kukataa. Hizo ni orodha mbili tofauti, na wengi wanaandika moja tu. Kisha fikiria mtu usiyemjua kabisa amekuletea jambo hilo hilo: ungemshauri nini? Kisha jiweke saa ya kufa: ungetaka uwe umeamua nini? Ukimaliza, peleka uamuzi mbele ya Mungu katika sala ili authibitishe.

Juu ya washauri, Yoshua bin Sira 37 anaonya usimwulize mwoga habari za vita, wala mnunuzi habari za bei. Kila mshauri ana upande anaousimamia. Kwa dhamana hii, usimwulize mtu ambaye naye anamdai mkopaji, maana mkopo ukitoka yeye ndiye wa kwanza kulipwa.

#10 Kijana_Mabanga
Katekista, Sira haimo kwenye Biblia yetu.

#11 Katekista_Kadutu
Sawa kaka, shika 1 Wafalme 12, hiyo tunayo wote. Rehoboamu alifanya mambo ambayo hapa tungeyasifu: alitaka siku tatu kabla ya kuwajibu watu, akauliza wazee, akauliza vijana. Washauri walikuwa wengi kama Mithali 11:14 inavyotaka. Aliharibu wapi? Aliyaacha maneno ya wazee kwanza, ndipo akawauliza waliokua pamoja naye (mstari wa 8). Alikuwa anatafuta sauti inayofanana na yake. Makabila kumi yakaondoka.

#12 Dada_Majengo
Asanteni kwa mafundisho. Mimi nauliza ishara. Gideoni alitandika ngozi ili ajue kama Mungu anamwita. Kwa nini sisi tusiombe hivyo? "Bwana, akinipigia kabla ya saa sita nitajua ni wewe."

#13 Mwalimu_Katindo
Dada, soma Waamuzi 6 kwa mpangilio. Kuitwa ni mstari wa 14 mpaka 16. Ngozi ni 36 mpaka 40, na Gideoni mwenyewe anasema mara mbili "kama ulivyosema". Alikuwa anajua. Anaomba tena kwa sababu ya woga, na mara ya pili anaomba Mungu asimkasirikie. Mungu alimvumilia, lakini hakuna mahali tunapoambiwa tufanye hivyo.

Tena ishara yake ilikuwa ya kinyume na kawaida: ngozi imelowa na nchi kavu, halafu nchi imelowa na ngozi kavu. Simu kabla ya saa sita inapigwa kila siku. Mkopaji mwenye haraka atapiga tu.

#14 Shemasi_Ndosho
Na lile la kufumba macho, kufungua Biblia na kuweka kidole? Linaendelea hata kwa viongozi. Kura ilikuwepo, kweli (Mithali 16:33), na mitume waliitumia kumpata Mathiya. Lakini tazama hatua zilizotangulia katika Matendo 1: waliweka sharti kwamba awe mtu aliyeandamana nao tangu ubatizo wa Yohana mpaka kupaa kwa Bwana, wakapata wawili wanaofaa, wakaomba, ndipo wakapiga kura. Kura ilichagua kati ya wema wawili. Tena ilikuwa kabla ya Pentekoste. Kwenye Matendo 15 hakuna kura: kuna kusikiliza Petro, Barnaba na Paulo, kuna Maandiko aliyosoma Yakobo, ndipo wanaandika kwamba imempendeza Roho Mtakatifu na wao.

#15 Mwana_Lubumbashi
Bakubwa, jambo. Niko huku Katuba nawasoma toka asubuhi. Mmeshapita haraka kwenye Mithali yenyewe. Sura ya 2 inasema uitafute hekima kama fedha, uichimbue kama hazina iliyofichwa, na Ayubu 28 inawaonyesha wachimbaji wakipasua mwamba na kuning'inia mbali na watu. Huku kwetu wanaojua mashimo ya Kolwezi wanaelewa: jiwe lenye madini halilali juu ya udongo likikusubiri. Wengi tunaomba Yakobo 1:5 na hatuchimbi Mithali 2.

Desturi ya kusoma sura moja ya Mithali kwa tarehe (sura 31, siku 31) ni nzuri ya kuanzia, lakini ina kasoro. Sura 1 hadi 9 ni hotuba ndefu za baba kwa mwana, zinasomeka moja kwa moja. Kuanzia sura ya 10 karibu kila mstari unasimama peke yake. Ukisoma mistari thelathini kwa mkupuo, jioni hukumbuki hata mmoja. Kuanzia hapo badilisha: chukua daftari, kila kurasa mbili ziwe na jambo moja: deni, ulimi, hasira, uvivu, marafiki, rushwa. Kila mstari uunakili mahali pake. Mwezi wa 2 au wa 3 utakuwa na ukurasa wa deni wenye Mithali 22:7 na 22:26 upande mmoja, na 3:27-28 na 19:17 upande wa pili. Hapo unaona kitabu chenyewe kinajibizana.

Ushahidi ni 26:4-5. Usimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake. Mjibu mpumbavu kwa upumbavu wake. Imewekwa pamoja makusudi. Mithali inakupa maneno mawili ya kweli, na kazi ya hekima ni kujua leo ni siku ya lipi. Kwa hiyo Kijana #2, kuhesabu mistari minne hakukumalizi kazi.

#16 Kijana_Mabanga
Nimekusikia yaya. Lakini mistari minne inakataza na hakuna hata mmoja wa Mithali unaosema "dhamini". Uzito uko wapi?

#17 Mwana_Lubumbashi
Uzito uko kwenye 22:27: kama huna cha kulipa, kwa nini kitanda chako kichukuliwe chini yako? Tatizo analolitaja ni kudhamini usichoweza kulipa. Mwenye dola 1,000 zisizo za minervali wala za nyumba anaweza kudhamini na akalala. Ajihesabie kwamba zimekwenda. Zikirudi, amshukuru Mungu.

#18 Karani_Birere
Hapo sikubaliani. 17:18 haisemi lolote juu ya kuwa nazo au kutokuwa nazo. Inamwita mtu huyo hana akili, basi. Na mwenye uwezo ndiye anayeombwa na watu wengi zaidi. Akikubali mmoja, mwezi huo huo wanakuja watano.

#19 Yaya_Bagira
Mmeacha jambo linaloumiza familia nyingi huku Bukavu: unabii. Mtu anaambiwa "Mungu amenionyesha umdhamini ndugu yako" au "nimeona parseli yako". Mnafanya nini na hilo?

#20 Shemasi_Ndosho
Yaya, 1 Wakorintho 14:29: wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. 1 Wathesalonike 5:20-21: msitweze unabii, jaribuni mambo yote. Yote mawili yanakwenda pamoja. Unabii unaoletwa kwako faragha, usiku, kwa simu, na ukakatazwa kumweleza mchungaji au mume wako, umeondolewa mahali pa kupambanuliwa. Hiyo peke yake inatosha kuuweka pembeni.

Someni 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu alikuwa na neno wazi: asile mkate, asinywe maji, asirudi kwa njia aliyoijia. Nabii mzee akamwambia malaika amenena naye. Akaamini, akarudi, akala, simba akamwua njiani. Aliyemdanganya alikuwa nabii kweli, si mganga. Kwa hiyo swali la kwanza ni: je, linapinga neno ambalo Mungu amekwisha kulisema?

Na anayedai pesa ndipo atoe neno, Mika 3:11 imemaliza habari zake.

#21 Mwalimu_Katindo
Ongeza Agabo, Matendo 21:10-14. Unabii wake ulikuwa wa kweli: Paulo atafungwa Yerusalemu. Wote waliosikia wakamsihi asiende, naye akaenda. Habari ilikuwa sahihi, na hitimisho la waliosikia halikuwa lazima litokane nayo. Mtu akikuletea neno, tenganisha: ameona nini, na anataka ufanye nini. La pili mara nyingi ni lake mwenyewe.

#22 Muuguzi_Himbi
Naingilia kidogo kwa kufunga, maana kila uamuzi mkubwa hapa mjini unatanguliwa na "siku tatu kavu". Esta 4:16 ilikuwa hatari ya kifo kwa taifa lote. Mwenye sukari anayetumia insulini, mjamzito, anayenyonyesha, anayemeza dawa za kifua kikuu au za kifafa, asifunge kavu. Atafute mlango wa Danieli 10:2-3: hakula chakula kitamu, wala nyama, wala divai, kwa majuma matatu. Hata aliye mzima, anywe maji. Bila maji, figo zinaumia, kichwa kinazunguka, na mtu anaanza kuona vitu.

Na usitie sahihi karatasi yoyote siku ya tatu ya kufunga. Kula kwanza, lala usiku mmoja, kisha soma tena ulichokiandika. Kama uamuzi ni wa Mungu, utakuwepo asubuhi.

#23 Katekista_Kadutu
Aksanti Muuguzi. Hiyo inakwenda sambamba na kanuni niliyoitaja #9.

#24 Dada_Majengo
Samahani natoka kidogo kwenye mkopo. Hekima ya kila siku ni pamoja na mlima wetu. Mei 27, 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, ilipotoka amri ya kuhama mitaa 10 kati ya 18 ya Goma, wako waliosema kuondoka ni kukosa imani. Walikosea?

#25 Muuguzi_Himbi
Mithali 27:12, dada: mwenye busara huyaona mabaya akajificha. Na 2002 mji ulikwisha kuona lava ikipita katikati ya nyumba mpaka ziwani.

Lakini mimi ningetaja mazuku kabla ya lava, kwa sababu ni ya kila siku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inalala kwenye mabonde na mashimo, hasa upande wa Bulengo na Ziwa Kijani. Usiku usio na upepo inajaa, na alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mtu mzima anapita amesimama, mtoto wa kimo cha kiuno anaanguka. Anayeinama kumwokoa anaanguka juu yake. Ukiona mijusi au ndege wamekufa kwenye shimo, usishuke, na usimtume mtoto kuchota maji hapo mpaka jua limepanda na upepo umeanza. Mama akiomba ulinzi wa watoto asubuhi, halafu anawatuma bondeni saa kumi na moja, hayo mawili hayapatani.

#26 Kijana_Mabanga
Tumeanza na koopeki tumefika kwenye mazuku. Uzi huu una miguu mirefu! Lakini nimejifunza.

#27 Mtetezi_Ibanda
Turudi basi, kwa Yoshua 9. Wagibeoni walitaka agano na Israeli, wakajifanya wa nchi ya mbali: walikuja na mikate mikavu yenye ukungu, viriba vya divai vilivyopasuka, viatu vilivyoshonwa-shonwa. Mstari wa 14: Waisraeli walitwaa katika vyakula vyao, wala hawakutaka shauri kinywani mwa BWANA. Baada ya siku tatu wakagundua ni majirani.

#28 Karani_Birere
Hiyo inahubiriwa kila mara kwamba walichunguza mno na kuomba kidogo. Mimi naona hata kuchunguza hawakuchunguza. Ushahidi wote ulitoka mikononi mwa wenye kutaka kitu. Hakuna aliyetumwa kwenda kuona mji wao, nao ulikuwa wa karibu.

#29 Mtetezi_Ibanda
Kweli kabisa, na ndivyo parseli zinavyouzwa mara mbili. Mnunuzi anaona karatasi aliyoleta muuzaji, anaomba, anatulia, analipa. Kwa sheria ya Julai 20, 1973, ardhi ni ya Serikali, na kinachothibitisha haki yako ni sertifika ya kuandikishwa. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya hati za ardhi na namba ya sertifika mkononi, uliza imeandikwa kwa jina la nani na kama ina deni juu yake. Kisha waulize majirani wa pande zote nne, kila mmoja peke yake, mwenye kiwanja ni nani. Kisha mke wa muuzaji. Baada ya miaka miwili tangu kuandikishwa, sertifika haibomolewi kirahisi mahakamani, kwa hiyo aliyeandikisha kwanza ana nguvu, na wewe mwenye karatasi ya chifu wa mtaa utabaki unalia.

Ila siachi maombi. Mstari wa 14 unasema walichokosa ni shauri la BWANA. Karani, usiufute.

#30 Karani_Birere
Siufuti. Nasema aliyemwuliza BWANA angetumwa kwenda kutazama.

#31 Shemasi_Ndosho
Hakuna aliyetaja kipimo cha Yakobo mwenyewe. Sura ya 3:17: "Lakini hekima itokayo juu, kwanza ni safi, tena ni ya amani, ya upole, tayari kusikiliza maneno ya watu, imejaa rehema na matunda mema, haina fitina, haina unafiki." Chukua uamuzi wako, uupitishe neno kwa neno. Safi: kuna uongo kwenye fomu ya mkopo? Tayari kusikiliza: mke wangu akipinga leo, naweza kurudi nyuma? Haina unafiki: ningefanya vile vile mkopaji asingekuwa shemeji wa mchungaji?

#32 Mwalimu_Katindo
Ni kizuri, lakini Yakobo hapo anampima mtu anayejiita mwenye hekima (3:13), kwa mwenendo wake. Uamuzi unaweza kupita maneno yote nane na bado biashara ikaanguka. Mhubiri 9:11 inasema wakati na bahati huwapata wote.

#33 Shemasi_Ndosho
Kuanguka kwa biashara hakuthibitishi uamuzi ulikuwa wa kipumbavu, Mwalimu. Ulimwengu mzima ungemwita Ayubu mpumbavu. Nitarudi na hilo kesho.

#34 MamaSambaza_Kituku
Wanangu, mmesema mengi mazuri. Mimi bado nina mtu mlangoni. Nikiamua hapana, namwambiaje ndugu yangu bila kumpoteza?

#35 Karani_Birere
Mama, usimwambie "nimeomba, Mungu amekataa". Utamfunga mdomo, na utamfanya aone Mungu ndiye adui yake. Mwambie kwa jina lako: "Sina cha kulipa ukikwama, kwa hiyo siwezi kutia sahihi." Mwambie mapema, siku ya kwanza, ili apate muda wa kutafuta kwingine. Mithali 3:28 inakataza kumwambia mtu "nenda ukarudi kesho".

Halafu mpe kitu kimoja ulicho nacho. Kama unaweza kutoa dola 30, zitoe moja kwa moja, usiziite mkopo. Au mwambie aombe dola 300 badala ya 1,000, na kwa hizo uandike kiasi hicho kwa mkono wako kama Mtetezi alivyoeleza #5. Au kaa naye jioni moja mpige hesabu ya biashara: mtaji, usafiri, kodi ya soko, siku zisizo na mauzo. Wakopaji wengi hawaandiki siku zisizo na mauzo, na hapo ndipo rejesho la tatu linapokwamia.

#36 MamaSambaza_Kituku
Ya hesabu nimeipenda. Anauza makala (makaa ya kupikia), na msimu wa mvua makala hayafiki. Nitaanza na hapo. Mungu awabariki.

#37 Kijana_Mabanga
Mama, msimu wa mvua bei ya makala inapanda pia. Mwambie aandike yote mawili.